Biomédicale ya Baba

Baba yangu amekufa, ndiyo maana naandika. Angekuwa hai nisingethubutu. Si kwamba angenipiga. Hakuwahi kuninyanyulia mkono hata siku nilizostahili. Ila angesoma mpaka mwisho, polepole, kidole kikifuata mstari, kisha angevua miwani na kuniangalia, na mimi sikujaliwa macho ya kustahimili jambo hilo. Presha ilimwangusha kazini asubuhi moja, na kabla gari la wagonjwa halijafika alikuwa amekwenda.

Tuliishi Joubert Park, katikati ya Johannesburg, ghorofa ya tano, katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa imeharibika kabla hatujahamia na bado, nikipita pale, naona haijatengenezwa. Tulikuwa watatu: Baba, Mama na mimi. Mama alishonea watu nguo sebuleni. Baba alikuwa mlinzi wa getini kwenye jengo la ofisi upande wa kaskazini wa jiji. Aliifanya kazi hiyo kwa heshima zote, sare imenyooshwa pasi mpaka inakaribia kukata, lakini ukimuuliza yeye ni nani hakusema mlinzi. Alisema ni mwanafunzi wa udaktari. Alisema hivyo mpaka mvi zikamjaa kichwani.

Na hakuwa anadanganya. Kule Bukavu, Kongo, alimaliza miaka miwili ya chuo kikuu kabla vita havijatutoa. Kwao, anayetaka kuwa daktari huanza na miaka mitatu inayoitwa biomédicale, na akifaulu anaendelea moja kwa moja na miaka ya doctorat, palepale, na walimu walewale, mpaka anatoka na jina la daktari. Haombi upya wala hashindani na watu wapya. Baba alibakiza mwaka mmoja tu wa biomédicale. Karatasi za matokeo ya miaka ile miwili alizitunza kwenye bahasha ya plastiki juu ya kabati, na nilipokuwa mdogo nilidhani ni vyeti vya kuzaliwa vya ndugu zangu ambao sikuwajua.

Nilifika Johannesburg nikiwa na miaka minne. Watoto wenzangu wa jengo lile waliwajibu wazazi wao kwa Kiingereza au Kizulu. Mimi nikijaribu hivyo, Baba alijifanya kiziwi mpaka njaa ikanirudisha kwenye Kiswahili. Nilimchukia kwa hilo miaka mingi. Leo ndicho kitu pekee alichonipa ambacho hakuna ofisi inayoweza kukikataa.

Kama udaktari ulikuwa ndoto yangu au yake, sijui. Nilikuwa na miaka kumi niliposema nitakuwa daktari, na nilisema kwa sababu niliona uso wake ukifunguka. Baada ya hapo haikuwa rahisi kurudi nyuma. Alimwambia kila mtu. Jirani yetu mmoja, dada wa Tanga aliyekuwa akisuka nywele kwenye ghorofa yetu, alimsikia akitamba kwamba binti yake atakuwa munganga. Kwetu Wakongo munganga ni daktari wa hospitali. Kwao mganga ni wa hirizi na tunguli. Yule dada akamvuta Mama pembeni na kumwambia, kwa huruma kabisa, kwamba mtoto mwenye akili kama yule amalize shule kwanza, uganga ataurithi baadaye. Mama alicheka mpaka akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Baba hakucheka sana.

Matokeo yangu ya matriki, mtihani wa mwisho wa sekondari, yalikuwa mazuri. Lakini huku Afrika Kusini watoto huingia udaktari moja kwa moja wakitoka shule, na mazuri hayatoshi. Lazima yawe ya kutisha. Tena nafasi za watoto wa wageni unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na ukabaki na vidole. Nilikataliwa. Mwalimu wangu wa baiolojia, mama mmoja mkali aliyenipenda bila kuonyesha, aliniita na kunieleza kwamba upo mlango wa pili: mtu asome digrii nyingine kwanza, aimalize vizuri, halafu aombe udaktari akiwa na digrii yake mkononi. Akanionya kwamba si kila digrii inafika kwenye mlango huo. Wanataka uwe umesoma masomo fulani, na usipokuwa nayo hawafungui hata bahasha yako.

Nilikuwa na barua mbili za kukubaliwa. Ya kwanza ilikuwa ya digrii ya sayansi ya kawaida, yenye somo la jinsi mwili unavyofanya kazi, kwenye chuo chenye mlango huo wa pili. Ya pili ilitoka chuo kingine, cha ufundi zaidi, na ilikuwa ya kozi ya biomedikali. Mwalimu alisema nichukue ya kwanza. Hakusita hata kidogo.

Nikapeleka barua zote mbili nyumbani, Baba akaziweka mezani, moja huku, moja huku, akavaa miwani. Kiingereza chake kilikuwa cha getini: karibu, weka sahihi hapa, unakwenda ghorofa ya ngapi. Alisoma barua ya kwanza akiwa amekunja uso. Kwenye ya pili kidole chake kikasimama. Akalisoma lile neno kwa Kifaransa, kwa sauti, kama mtu aliyekutana na ndugu yake stesheni.

"Ni hii," alisema. "Hii njo njia ya munganga. Ile ingine ni ya kufundisha chimie ku masomo."

Alimaanisha kufundisha kemia shuleni. Nikamwambia mwalimu amesema vingine. Akaniuliza, bila hasira, "Mwalimu wako alishafanyaka biomédicale? Mimi nilifanya myaka mbili."

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Yeye ndiye mtu pekee niliyemjua aliyewahi kukalia benchi la udaktari. Na neno lenyewe, ukilitazama, lilikuwa na tiba ndani yake. Lile lingine lilisema sayansi tu. Nikachukua biomedikali. Mpaka hapo kosa lilikuwa lake, nakubali, na lilikuwa kosa la mtu aliyependa. Nikisimulia hadithi hii kwa watu huwa naishia hapo, na watu hutikisa kichwa na kusema maskini mzee.

Jumapili baada ya kujiandikisha, Baba alitoa ushuhuda kanisani. Kanisa letu lilikuwa Troyeville, kwenye ghala la zamani la fanicha tulilolipanga pamoja na Wakongo wengine, wa Kivu na wa Katanga. Huko kwetu ushuhuda si maneno ya kupitisha wakati. Mtu anasimama mbele, anasema Mungu amemtendea nini, na kuanzia siku hiyo jambo lile ni la kanisa zima. Watu wataliombea, watalitaja wakikuona, wataulizia limefikia wapi. Baba alisimama na suti yake ya kahawia akasema vita vilimnyang'anya udaktari, na Mungu ameurudisha kwa mkono wa binti yake. Wanawake walipiga vigelegele. Wengine walilia. Toka siku hiyo aliacha kuniita jina langu. Akaniita Docteur.

Wiki ya pili ya masomo, siku ya Jumatano, mhadhiri wetu mmoja aliingia darasani, akatutazama, akasema anajua kuna waliokuja pale wakidhani ni njia ya kuwa daktari. Hao wamepotea, alisema. Pale wanafundishwa watu wa maabara, wa kupima damu na mkojo na kuandika majibu. Ni kazi ya heshima na hospitali haiendi bila hiyo, lakini daktari hatoki pale. Anayetaka kubadilisha aende ofisini kabla ya Ijumaa saa kumi. Hakusema kwa ubaya. Nadhani alikuwa akisema hivyo kila mwaka, kwa sababu kila mwaka walikuwepo.

Nilikwenda ofisini mchana huohuo. Nataka hili lieleweke: nilikwenda. Yule mama wa ofisini alikuwa na subira. Alipiga simu kile chuo kingine mbele yangu, akauliza, akaambiwa nafasi yangu bado ipo mpaka Ijumaa. Aliniandikia kwenye karatasi masomo yanayotakiwa na ule mlango wa pili, akanionyesha mawili ambayo kozi yangu haikuwa nayo na haitakuwa nayo. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa. Akanipa fomu, na kwa kuwa karatasi zangu za ukimbizi zilikuwa chini ya jina la Baba, fomu ilihitaji sahihi yake. Sahihi moja tu, chini, upande wa kulia.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimepanga maneno yangu. Nilipofungua mlango nilikuta viatu vingi. Wamama wa kanisa walikuwa wamekuja kushukuru pamoja na familia: sufuria za fufu na sombe, ugali na kisamvu cha kwetu, watoto wamekaa sakafuni, cherehani ya Mama imefunikwa kitambaa. Baba alikuwa amebadilishana zamu ili awepo. Nilipoingia waliinuka. Wanawake wenye umri wa bibi yangu waliinuka kwa ajili yangu, wakasema karibu, Docteur.

Mama mmoja mzee, aliyekuwa akitembea kwa taabu, akanivuta nikae karibu naye. Akapandisha mkono wa blauzi yake na kunikabidhi mkono wake wote, akasema moyo unamkimbia siku hizi, nimtazamie. Nilikuwa nimesoma wiki mbili. Nilichokuwa nimefundishwa ni kunawa mikono na kubandika karatasi za majina kwenye vichupa. Nikaushika mkono ule. Nikaweka vidole nilipoona watu wakiweka kwenye televisheni. Nikamwona Baba amesimama mlangoni mwa jiko, sahani mkononi.

Nikasema, "Iko muzuri, Mama. Upumuzike tu."

Yule mzee akafumba macho akamshukuru Mungu. Baba akageuka akaingia jikoni haraka, na mimi nilijua amekwenda kufuta machozi.

Nimejiambia kwa miaka mingi kwamba nilinyamaza kwa kumhurumia yeye. Uongo. Nilinyamaza kwa sababu nilipenda. Nilivishwa kilemba cha ukoka nikakiona kimenikaa vizuri. Sijawahi kupendwa na watu wengi kwa wakati mmoja kama jioni ile, na nilitaka iendelee, nikajidanganya kwamba mambo yatajipanga yenyewe.

Alhamisi asubuhi nilimkuta Baba akipiga pasi sare, kalamu ya getini tayari imechomekwa mfukoni. Ingetosha sentensi moja. Angeuliza maswali mawili matatu, angenuna kidogo, angetia sahihi. Namjua, angetia sahihi. Ningeupoteza ule uso wake kwa wiki moja au mbili. Nikamwuliza kama anataka chai. Ijumaa nilikwenda darasani kama kawaida, na saa kumi ilipita nikiwa kwenye kipindi cha hesabu za maabara. Fomu niliichana vipande vidogo na kuitupa kwenye pipa la chuo, si la nyumbani.

Miaka mitatu nilisoma vizuri. Hilo nalo liniumize au linifariji, sijui. Nilikuwa na mkono mwepesi na jicho zuri la darubini, na walimu walinisifu. Nyumbani nilikuwa Docteur. Baba alijifunza kutoniuliza maneno ya ndani kwa sababu nilikuwa mkali. Nikiulizwa nilisema nimechoka. Alidhani ni uzito wa udaktari. Aliniachia kiti kizuri. Akiwa likizo aliamka mapema kuniandalia uji, mzee wa watu, na kunisindikiza mpaka chini ghorofa tano, ili tu walinzi wa jengo letu wamsikie akiniaga kwa cheo.

Mwaka wa mwisho ulipokwisha akaanza kuuliza doctorat itaanza mwezi gani. Hapo ndipo nilipofanya jambo ninaloliona baya kuliko yote. Niliomba ule mlango wa pili. Nilijua hawatanichukua; ile orodha ya yule mama wa ofisini nilikuwa naikumbuka kama aya ya kukaririshwa. Niliomba ili barua ya kukataliwa iwepo. Nilihitaji karatasi yenye nembo ambayo ingesema mambo niliyoshindwa kusema, na isiseme nimeyajua tangu lini.

Barua ilikuja. Nilikwenda kumsubiri Baba karibu na stesheni kubwa, pale teksi, daladala za huku, zilipokuwa zikimshusha alasiri. Sikutaka kumwambia mbele ya Mama. Tulitembea mpaka kwenye robot, kama taa za barabarani zinavyoitwa huku, na taa ilikuwa nyekundu, nikamwambia pale. Nilikuwa nimekusudia upole, lakini hofu ikitaka kutoka hutoka kama hasira.

"Biomédicale yako haiko ya hapa, Baba," nilisema. "Hapa ni ya maabara tu. Wamenikatala juu ya masomo yenye sikufanya. Mwalimu alisemaka, na wewe ukakatala."

Alichukua ile barua akaishika karibu na macho, bila miwani, kwa hiyo najua hakuisoma. Taa ikawa kijani. Watu wakavuka, wakatugonga mabega, mmoja akaguna eish, taa ikarudi nyekundu. Baba akauliza kitu kimoja tu.

"Ulijua siku gani?"

"Leo," nilisema. "Barua imekuja leo."

Akatingisha kichwa kukubali. Akaikunja barua mara nne akaniwekea mkononi. Tulipofika jengo letu alipanda ngazi nyuma yangu, na kwenye ghorofa ya tatu akasimama kupumzika, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Mama alipotufungulia mlango, Baba alimwambia kwamba amekosea hesabu ya masomo ya mtoto. Hakula.

Wiki ile nilipata mwaliko wa kazi katika maabara, kazi ninayoifanya mpaka leo. Watu wa kwetu husema nishukuru, na nashukuru. Ninapima damu za watu nisiowaona. Lakini wiki ile nilikuwa namtazama Baba tu, na hakuonekana kama mtu aliyenikasirikia. Alishusha ile bahasha ya plastiki kutoka juu ya kabati, akakaa nayo mapajani jioni nzima bila kuifungua.

Jumapili tulikwenda Troyeville. Nyimbo zilipokwisha mchungaji akauliza kama kuna mwenye ushuhuda, na Baba akasimama. Nilimshika koti. Aliitoa mikono yangu taratibu, akaenda mbele na suti yake ya kahawia.

Kanisani kwetu watu hutoa ushuhuda. Sijawahi kumwona mtu akiurudisha. Hata mchungaji hakujua akae au asimame. Baba aliongea kwa sauti ya chini, ikabidi wamama wawanyamazishe watoto.

"Nilisimamaka hapa, nikasema Mungu amenipatia munganga," alisema. "Nilidanganya kanisa bila kujua. Lakini musiseme mutoto ameanguka. Mutoto hakuanguka. Alinifwata. Ni mimi nilimuonyesha njia mubaya, juu ya kiburi yangu, juu sikutaka kusikiliza mwalimu."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Yule mama mzee wa moyo unaokimbia alikuwa mstari wa mbele, ameinamisha kichwa. Maneno yalikuwepo, yote, yamepangwa tangu ile Jumatano: Baba, nilijua, nilikuwa na fomu, ungetia sahihi. Sikuhitaji hata kwenda mbele. Ghala lile lilikuwa dogo, ningesikika nikiwa nimekaa.

Baba akanitafuta kwa macho kati ya watu mpaka akanipata. Kwa desturi yetu baba hamwombi mtoto radhi, na kama anaomba hafanyi hivyo mbele za watu. Akaikunja mikono yake mbele ya tumbo kama afanyavyo getini mwenye gari anapokuwa amekasirika.

"Mama yangu," aliniambia. Docteur ilikuwa imekwisha. "Nilikuharibia maisha. Unisamehe."

Mama yangu mzazi akanisukuma kwa kiwiko, akaninong'oneza nisimame, nisimwache baba yangu amesimama hivyo peke yake. Nikasimama. Kanisa lote likageuka. Mchungaji, kwa kunisaidia, akaniuliza kama ninamsamehe baba yangu.

Nikasema ndiyo, ninamsamehe. Watu wakapiga makofi, na Baba akainamisha kichwa akaniambia aksanti.